Kwenu ni Wapi? Mtoto wa Mhamiaji na Pale Undugu Unapoishiwa Nguvu

Wiki ya mwisho ya muhula wa tatu darasa langu hugeuka stendi ya mabasi. Kila mwanafunzi anatangaza atakakokula Krismasi: Ugunja, Homa Bay, Mbale, Nyamira, Bondo. Mwaka juzi msichana mmoja wa kidato cha pili, ambaye wazazi wake walitoka Kongo, alinyamaza mpaka mwenzake wa dawati akamgeukia: "Na nyinyi, kwenu ni wapi?"

"Nyalenda," akajibu.

Darasa likaangua kicheko. Nyalenda ni mtaa wa hapa hapa Kisumu. Ukikohoa ubaoni kwetu wanakusikia. Hakuna aliyemtukana msichana yule, na nikisema nilishuhudia uonevu nitakuwa nimetia chumvi. Lakini mtu yeyote aliyelelewa upande huu wa nchi anajua jibu lake lilipotea wapi. Nyalenda ni mahali pa kulipa kodi ya nyumba. "Kwenu" ni mahali mtakapozikwa.

Waliosahau uzito wa jambo hili wakumbuke kesi ya S. M. Otieno, wakili aliyefariki Desemba 1986. Mjane wake alitaka kumzika karibu na Nairobi, walikokuwa na maisha yao. Ukoo ukasema mwili uende Siaya. Miezi mitano marehemu alikaa mochari huku mahakama zikibishania tofauti ya nyumba na nyumbani, mpaka Mei 1987 akazikwa Nyalgunga. Nchi nzima ilijifunza kwamba nyumba unaweza kuijenga popote, ila nyumbani hujijengei mwenyewe. Unapewa na waliokutangulia.

Sasa mchukue mtoto ambaye kwa kipimo hicho hana kwao. Watu wazima tuna jibu la haraka juu yake: mradi familia yake imeshikana, maneno ya watu hayatamfika moyoni. Nimelisikia kwenye vikao vya walimu, kanisani, hata kwa wazazi wenyewe. Lina ukweli wake, na watafiti wameupima ukweli huo kwa miaka mingi. Tatizo ni kwamba limefunga undugu, msaada na ubaguzi katika mzigo mmoja wa kuni, na kila kuni huwaka kivyake. Ngoja niufungue mzigo wenyewe.

Mgeni ni nani hapa?

Kisumu ni mji usio na haki ya kumshangaa mgeni. Reli ilipofika ziwani tarehe 20 Desemba 1901, mahali hapa paliitwa Port Florence na palikuwa Uganda. Ndiyo maana ikaitwa Reli ya Uganda. Mwaka 1902 Waingereza wakausogeza mpaka, na wenyeji wakaamka wako upande mwingine bila kuvuka hata kijito. Mpaka uliobaki ulipita katikati ya Wasamia na Wateso, na ukienda Busia au Malaba leo utamkuta shangazi nchi moja na mpwa nchi nyingine, wakihudhuria matanga ya pande zote mbili kama kwamba hakuna aliyechora kitu.

Reli yenyewe ilijengwa na vibarua wapatao 32,000 kutoka India. Wengi walirudi kwao, wapatao 2,500 walifia kazini, na kama 6,700 wakabaki. Hao, pamoja na wafanyabiashara waliokuja kwa nauli zao wenyewe, ndio chimbuko la maduka mengi ya katikati ya mji na la kilimo cha miwa upande wa Miwani na Kibos. Utawakuta vitukuu wao wakiongea Dholuo cha kumtoa nyoka pangoni, na sokoni bado kila mmoja ni "Muhindi". Serikali iliwatambua rasmi kuwa jamii ya 44 ya Kenya mnamo Julai 2017, zaidi ya karne moja baada ya garimoshi la kwanza. Kuna pia Wanubi wa Kibos, ambao mababu zao walikuwa askari wa asili ya Sudan walioingizwa katika jeshi la Mwingereza miaka ya 1890. Na kuna wa juzi: kutoka Kongo, Rwanda, Burundi, Sudan Kusini, Somalia.

Wajaluo walikuwa na neno lao tayari kabla ya pasipoti kuwako: jadak. Ni mtu aliyekaribishwa kwenye ardhi ya ukoo usio wake. Anajenga, analima, anaoa, watoto wanazaliwa hapo, wanaitwa kwenye sherehe na kutumwa dukani kama watoto wengine. Lakini siku ya kugawa shamba au kugombana, kila mtu anakumbuka. Waluhya wanalo neno la namna hiyohiyo, omumenya. Ninalitaja kwa sababu linaeleza jambo ambalo neno "mhamiaji" linalificha: hali hii hurithiwa. Mtoto hakuhama popote, lakini anazaliwa jadak kwa sababu baba yake alikuwa jadak. Rubén Rumbaut, mwanasosholojia wa Marekani, aliwaita watoto waliohama wakiwa wadogo "kizazi cha moja na nusu", kati ya wazazi waliohama na wadogo zao waliozaliwa ugenini. Kwetu ile nusu inaweza kuendelea vizazi vinne.

Okuyu

Mimi nilizaliwa Kaptembwo, Nakuru. Babu aliajiriwa na reli, baba akawa fundi wa magari. Nakuru tulikuwa madoadoa, neno ambalo wanasiasa wa Bonde la Ufa walilitumia tangu miaka ya tisini kwa watu ambao asili yao ni kwingine. Mwishoni mwa Januari 2008, nikiwa darasa la saba, tulilala siku kadhaa kwenye uwanja wa maonyesho ya kilimo, kisha tukapanda lori na magodoro mawili na cherehani ya mama. Kila aliyetuaga alisema tunarudi nyumbani. Nyumbani huko sikuwa nimewahi kulala zaidi ya wiki mbili mfululizo.

Shule niliyoingizwa Kisumu ilinipa jina siku ya kwanza: Okuyu, yaani Mkikuyu. Lafudhi yangu ilikuwa ya Nakuru na Dholuo changu kilikuwa cha kuomba maji. Najua sikuwa mhamiaji kwa maana ya sheria. Sikuvuka mpaka wowote, na waliotuhamisha walikuwa na bunduki na mapanga, si maafisa wa uhamiaji. Lakini kile kinachompata mtoto kilikuwa kilekile, na ndiyo sababu nathubutu kukieleza.

Aliyeniokoa ni nyanya. Jioni tulikaa tukipukuchua mahindi, na kila gunzi lilikuwa na neno lake. Oduma. Mach. Pi. Agulu. Nikikosea, gunzi linarudi kwenye ungo na kuanza upya. Hakuwahi kunishauri niwapuuze wanaonicheka, wala hakwenda shuleni kulalamika. Alinipa maneno, na kwa maneno hayo nikajitetea mwenyewe.

Ila hadithi hiyo nikiiacha hapo nitakuwa nimedanganya. Katika boma hilohilo baba mdogo alikuwa akirudi kutoka kwa chang'aa na kutusomea hesabu: baba yenu hata simba hajajenga hapa, mnalala wapi? Simba ni ile nyumba ndogo ambayo kijana wa Kijaluo hujenga ndani ya boma la baba yake. Asiyeijenga ni kama hajawahi kuwako. Kwa hiyo ukoo uliokuwa ukinikinga dhidi ya "Okuyu" ndio uliokuwa ukinikumbusha kwamba sina pa kusimama. Wakati ule sikujua kwamba kuna watu wamelichunguza jambo hili hadi kwenye mizizi.

Undugu una nyuzi tatu

Mwaka 1987 Fabio Sabogal na wenzake walichapisha utafiti juu ya familia za Walatino nchini Marekani, yaani wenye asili ya Amerika ya Kilatini, watu wanaosifika kwa kupenda jamaa zao. Walipouchambua huo upendo walikuta si kitu kimoja. Kuna wajibu: lazima umsaidie ndugu. Kuna tegemeo: nikianguka, ndugu wataniinua. Na kuna kioo: ninajipima kwa macho ya familia, nafanya yale wasiyoyaonea aibu. Walichogundua ni kwamba kadiri watu walivyozoea maisha ya Marekani, wajibu na kioo vilififia. Tegemeo halikufifia. Mtu anaweza kuacha kutuma pesa na kuacha kujali mjomba atasema nini, lakini bado anaamini siku ya shida mlango wa kwao uko wazi.

Tofauti hii naiona darasani kila wiki. Mtoto anaweza kuwa na wajibu mwingi na tegemeo dogo. Nina mwanafunzi ambaye saa kumi na moja asubuhi yuko kwenye jiko la mandazi, saa kumi na mbili anamwogesha mdogo wake, jioni anamsaidia mama kufunga kibanda soko la Kibuye. Ukiangalia kwa mbali utasema hiyo ni familia iliyoshikana. Imeshikana kweli, lakini mtoto ndiye gundi. Yeye akiumizwa na kitu shuleni, hakuna aliye na nafasi ya kumsikiliza.

Andrew Fuligni na wenzake walilipima jambo hili California na kulichapisha mwaka 1999. Vijana wenye asili ya Asia na Amerika ya Kilatini walihisi wajibu kwa familia zao kuliko wenzao wenye asili ya Ulaya, na kwa ujumla hisia hiyo iliwapa sababu ya kusoma. Lakini mstari haukupanda moja kwa moja. Waliofanya vizuri zaidi darasani walikuwa wale wa kati. Waliohisi wajibu mzito kupita kiasi walishuka, kama walivyoshuka wale wasiohisi chochote. Najua wazazi hawatapenda kusikia hivi. Sisi tumelelewa kuamini kwamba wajibu hauna kiasi cha kuzidi, kama vile adabu.

Kazi kubwa zaidi katika uwanja huu ni ile ya Alejandro Portes na huyo Rumbaut. Mwaka 1992 walianza kuwafuatilia wanafunzi 5,262 katika miji ya Miami na San Diego na viunga vyake, wote watoto wa wahamiaji, wenye asili ya mataifa 77. Waliwarudia miaka mitatu baadaye, kisha tena wakiwa vijana wa miaka ishirini na kitu. Katika mambo mengi waliyoyaona, moja lina faida kwetu moja kwa moja: mwendo. Mtoto hujifunza lugha na desturi za ugenini haraka kuliko mzazi. Pengo likiwa dogo, wote wanasonga pamoja. Likiwa kubwa, mamlaka hupinduka, mzazi anakuwa wa kuuliza na mtoto wa kujibu. Waliofika mbali kwa salama zaidi walikuwa wale waliojifunza lugha mpya bila kuitupa ya nyumbani, kwa sababu walibaki na uwezo wa kuzungumza na wazazi wao juu ya mambo ya maana, si kuomba chumvi tu.

Nirudi kwa msichana wa Nyalenda. Siku ya wazazi mama yake alikuja, amevaa kitenge kilichoshonwa kwa mkono wake mwenyewe, na kuniuliza, "Mwalimu, huyu mutoto anasoma muzuri?"

Kabla sijafungua mdomo, msichana akadakia, "Anauliza kama ninafanya vizuri."

Nilikuwa nimeelewa kila neno. Ni Kiswahili, tena cha mtu aliyekizungumza tangu utotoni, tofauti na sisi wa hapa tuliokipata shuleni tukichapwa. Ndipo nikatambua kwamba hakuwa akinitafsiria mimi. Alikuwa akimfunika mama yake, kama unavyomvuta mtu nguo iliyopanda. Alishasikia mara nyingi watu wakicheka "batoto" na "bintu", yaani watoto na vitu kwa Kiswahili cha Kongo, na ameamua kusimama mbele ili kicheko kimpate yeye kwanza.

Hapo ndipo undugu na ubaguzi vinapokutana kwa namna ambayo jibu letu la haraka halikuiona. Tunadhani familia inasimama kati ya mtoto na ubaguzi. Mara nyingi mtoto ndiye anayesimama kati ya ubaguzi na familia.

Springi na shimo

Juu ya msaada, marejeo ya wengi ni makala ya Sheldon Cohen na Thomas Wills ya mwaka 1985. Walitenganisha njia mbili ambazo msaada wa watu humfaa mtu. Kuna msaada unaokufaa siku zote, uwe na shida au usiwe nayo, kwa sababu tu kuwa na watu ni jambo jema. Na kuna msaada unaofanya kazi pale tu pigo linapotua, ukilipunguza makali. Huu wa pili ni kama springi za matatu. Barabara ikiwa nzuri huzioni. Ukifika kwenye mashimo ya barabara yetu ya mtaani ndipo unaona thamani yake.

Lakini springi haizibi shimo. Gari lenye springi nzuri likipita shimo lilelile kila siku kwa miaka kumi, springi nazo huchoka. Watu wengi husoma habari za "familia kama kinga" wakadhani ni sababu ya kuliacha shimo.

Jambo lingine ambalo Cohen na Wills walilisisitiza ni kwamba msaada lazima ulingane na pigo. Kejeli ya darasani inahitaji sikio. Ndugu anafaa hapo, rafiki anafaa zaidi, na mwalimu anayekataa kucheka anafaa kuliko wote wawili, kwa sababu yeye anaonekana na waliocheka. Msikiti na kanisa hufanya kazi kubwa kuliko tunavyokiri. Nimemwona kijana asiyesema neno darasani akiongoza kwaya Jumapili kwa Kilingala, watu wazima wakimpigia makofi. Siku ya Jumatatu alikuwa bado kimya, lakini alikaa wima.

Mwenye nyumba wa kupangisha ni suala jingine. Jirani yangu mmoja aliyetoka Burundi aliambiwa chumba kimechukuliwa, kwa upole kabisa, mara tu alipofungua mdomo. Watoto wake wawili walikuwa wamesimama naye, na mkubwa alikuwa wa umri wa kuelewa. Dakika ishirini baadaye mama mboga wa kona, Mjaluo wa Alego, alikwenda kuulizia chumba hichohicho na kukipata kikiwa wazi, akaweka amana kwa jina lake. Familia ya Warundi yote ingekusanyika pale, mjomba na shangazi na kikundi chao cha Jumamosi, wasingekipata. Walihitaji mtu mmoja asiye ndugu yao ambaye neno lake lina uzito mahali ambapo lao halina. Msaada wa namna hii haupatikani ndani ya ukoo, na kadiri ukoo unavyojifunga ndani kwa sababu ya hofu, ndivyo unavyokosa wa kuuomba.

Kwa nini wanajifunga? Kwa sehemu ni kwa sababu wamesukumwa. Mwaka 1994 wapiga kura wa California walipitisha pendekezo la kuwanyima wahamiaji wasio na vibali huduma za shule na hospitali. Mahakama ilikuja kulizuia, lakini kampeni zake zilikuwa zimeshasikika katika kila nyumba. Portes na Rumbaut waliporudi mwaka 1995 walikuta vijana wengi waliokuwa wakijiita Wamarekani wameanza kujiita kwa nchi za wazazi wao. Hakuna aliyewafundisha uzalendo wa kwao. Walifundishwa na waliowakataa. Mimi mwenyewe, niliyeitwa doa Nakuru, nilianza kujiita mtu wa Nax, yaani Nakuru hiyohiyo, nilipofika Kisumu, na nilikuwa tayari kupigana juu ya hilo.

Fahari hiyo inasaidia. Kijana anayejua alikotoka hababaiki ovyo. Inauma pia, maana anayejivunia sana kitu ndiye anayekisikia haraka kinapokejeliwa. Ukitaka jibu moja safi hapa, sina.

Kuna familia nyingine zinazochukua njia ya kinyume: kujificha. "Ukiulizwa, sema sisi ni Waluhya." Nimewasikia wazazi wakiwaambia watoto hivyo, na siwalaumu, ni msaada, na umewavusha wengi salama. Lakini mtoto anayefundishwa hivyo anapokea masomo mawili kwa pamoja, kwamba wazazi wake wanampenda na kwamba jina lao ni kitu cha kuficha. Lile la pili linakaa muda mrefu zaidi.

Undugu unapogeuzwa faili

Ubaguzi niliousema mpaka sasa una mdomo: unacheka, unaita majina, unasema chumba kimechukuliwa. Upo mwingine usio na mdomo, na huo ndio ambao familia, hata ikishikana kama gundi, haiuwezi.

Katiba ya 2010, kifungu cha 14, inasema mtu ni raia wa kuzaliwa ikiwa siku ya kuzaliwa kwake baba au mama alikuwa raia. Angalia vizuri: uraia unafuata damu, haufuati hospitali. Mtoto wa Wakongomani aliyezaliwa Kisumu, akalia mara ya kwanza Kisumu, akasoma Kisumu, si Mkenya kwa hilo peke yake, na cheti chake cha kuzaliwa hakithibitishi uraia. Kwa upande mwingine kifungu hicho kiliondoa dhuluma ya zamani. Chini ya katiba iliyotangulia, mtoto aliyezaliwa nje ya nchi alirithi uraia wa baba tu; mama wa Busia aliyejifungulia upande wa Uganda kwa mume Mganda hakuwa na cha kumrithisha mwanawe. Sasa anacho.

Elimu nayo haikuachwa. Kifungu cha 53 kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi, bila kuuliza babu yake alizikwa wapi. Kwa hiyo mpaka miaka kumi na saba mtoto wa mhamiaji anaweza kuishi bila kugundua chochote. Anavaa sare ileile, anaimba wimbo wa taifa, anakimbia mbio za nyika kwa jina la kaunti. Kisha anafikisha kumi na nane, wenzake wanakwenda kuchukua vitambulisho, na yeye anaambiwa alete cha baba. Halafu cha babu.

Wanubi wanakijua kisa hiki kuliko mtu yeyote. Wako Kenya kabla Kenya haijaitwa Kenya, mababu zao walipigana kwenye vikosi vya Mwingereza, lakini kwa miongo mingi kijana wa Kinubi aliyeomba kitambulisho alipelekwa kwanza mbele ya kamati ya kumpiga msasa, aeleze ukoo wake na kuleta karatasi za wazazi na za wazee wao. Machi 2011 Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kwamba Kenya ilikuwa imekiuka haki za watoto wa Kinubi, zikiwemo haki ya uraia na ya kutobaguliwa. Uamuzi mzuri. Mwaka 2020 nyumba za Wanubi wa Kibos zilibomolewa kwenye ardhi iliyodaiwa kuwa ya reli, na watoto wakaenda shule wakitokea kwenye vibanda vya maturubai. Februari 2025 Rais alitangaza kuondolewa kwa msasa wa ziada kwa jamii za mipakani. Tangazo ni jambo moja, kaunta ya ofisi ni jambo jingine. Anayetaka kujua umbali kati yao amuulize kijana aliyeko kwenye foleni.

Ninachotaka kuonyesha hapa si sheria tu. Angalia kinachotokea ndani ya nyumba. Kwa kejeli za shuleni, familia ilikuwa kimbilio. Mbele ya kaunta, familia yenyewe ndiyo inayohojiwa. Undugu unageuka ushahidi. Nyanya aliyefundisha maneno kwa magunzi sasa anaulizwa ana karatasi gani, na hana. Baba anaulizwa kwa nini hakusajili ndoa, na mwanawe amesimama hapo akisikia. Kijana anarudi nyumbani na swali ambalo hakuwahi kulifikiria: kwa nini hamkunitengenezea? Nimewaona wawili, mmoja Nakuru na mmoja hapa, walioacha kuzungumza na baba zao kwa jambo hilo. Wazazi wale walikuwa wamewalinda watoto wao dhidi ya kila jina baya mtaani. Hawakuwa na namna ya kuwalinda dhidi ya kijisanduku kwenye fomu, na lawama ya kijisanduku ikawaangukia wao.

Ndiyo maana hunichosha nikisikia semina nzima ikielekezwa kwa "kuimarisha familia za wahamiaji". Nyingi ninazozijua zimeimarika vya kutosha, na baadhi zimebeba kupita kiasi. Kinachokosekana kiko nje yao: mwenye nyumba, kaunta, mwalimu anayecheka na darasa. Katika kundi hilo la mwisho nimo. Siku ile ya "Nyalenda" nilitabasamu. Kidogo tu, lakini yule msichana alikuwa akiniangalia mimi, hakuwa akiwaangalia wenzake.

Mwaka huu mama yake alikuja tena. Kabla ya kuondoka alitoa kwenye mkoba kopo la mafuta ya kupikia lililosafishwa na kukaushwa, na ndani yake kulikuwa na bahasha: cheti cha kuzaliwa cha binti, karatasi zake mwenyewe za ukimbizi, kadi ya kliniki ya mtoto iliyofifia. Mwakani binti anafikisha miaka kumi na nane. Aliniuliza kama avitie plastiki ili visiharibike.

"La, mama, usivitie," nikamwambia. "Kuna ofisi hukataa. Wanataka kuona mhuri wenyewe."

"Basi nitabichunga hivi hivi," akasema, akikunja bahasha. "Iko bintu ya mutoto."

Msichana alikuwa amesimama pembeni na begi lake. Safari hii hakutafsiri.